Kaka Yangu Hakuwa wa Kijani

Picha ilitoka kwenye printa saa nne asubuhi, na hadi saa sita mchana hakuna aliyekuwa radhi kuilipia wala kuichana. Ulikuwa uso wa kijana, umekuzwa kutoka picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 hadi karatasi nzima ya A4. Picha ya asili ni ya nyeusi na nyeupe. Ndani ya duka, chini ya taa ya dari, ile kubwa ilikuwa na wekundu wa mbali, kama mtu aliyetoka kuota moto. Mama aliyeileta akatoka nayo hadi kibarazani, kwenye mwanga wa barabara ya kwenda Musoma, ikabadilika mikononi mwake. Mashavu yakaingia ukijani wa maji ya ziwa yanapotulia chini ya magugumaji. Aliitazama kwa muda, kisha akasema bila kupandisha sauti: "Kaka yangu hakuwa wa kijani."

Mjadala ulianzia hapo, katika steshenari moja ya Buzuruga, Mwanza, si mbali na stendi. Tulikuwa watano: mwenye duka, mama mwenye picha, mzee aliyekuwa na studio miaka ya nyuma, akisafisha picha kwa mikono yake katika chumba cha giza, binti mpiga picha za harusi na kipaimara, aliyekuja kununua karatasi, na mimi. Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kubaki. Nina printa ya wino nyumbani, na kwa karibu mwaka mzima nimekuwa nikichapa picha za wazee wangu zikitoka mara waridi, mara samawati, na kila mara nikizificha kabatini kwa uchungu. Nimeyaandika mazungumzo yale nikiacha yaliyojirudia, na palipo na neno langu nimelisema kama langu.

MWENYE DUKA: Mama yangu, naomba uione kompyuta kwanza. Hii hapa. Kuna rangi yoyote unayoiona? Nimeziondoa zote. Chukua shavu hili: nyekundu 128, kijani 128, bluu 128. Zikilingana namna hiyo ni kijivu kitupu. Tatizo limetokea mbele ya safari.

BINTI: Limetokea kwenye matangi, kaka. Hebu fungua kifuniko tuhesabu. Mweusi. Sayani. Majenta. Njano. Sayani hafifu. Majenta hafifu. Sita. Kijivu kiko wapi?

MWENYE DUKA: Hakipo. Printa za picha za rangi sita ndivyo zilivyo. Inakitengeneza yenyewe.

BINTI: Basi sehemu zote za mwanga na za katikati, paji la uso, mashavu, shingo, imezipika kwa sayani hafifu, majenta hafifu na njano. Mweusi umeingia zaidi kwenye giza: nywele, mboni, kola ya koti. Hayo ni mafiga matatu. Yakikaa sawa, chungu kinatulia. Moja likizama kidogo ardhini, chungu kinalala upande, na sisi tunaona rangi.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana kwa miezi mingi sikulielewa jambo hili na lilinigharimu karatasi nyingi. Kitenge kikichapwa na ukijani wa ziada, hakuna atakayejua. Jani likizidi njano kidogo, ni jani. Lakini kijivu hakina pa kujificha. Jicho la binadamu ni kali mno karibu na kijivu. Mchepuko mdogo ambao lingeusamehe kwenye nguo nyekundu, kwenye uso usio na rangi linaukamata mara moja. Na lugha yetu yenyewe imekipa kijivu jina kutoka kwenye jivu, na kila aliyezoa majivu jikoni anajua kuwa ya mkaa hayafanani na ya kuni, wala ya kuni hayafanani na ya samadi. Tunasema kijivu kana kwamba ni kimoja. Printa inalazimika kuchagua ni kipi.

MWENYE DUKA: Kama shida ni mafiga, dawa ni fupi. Nazima rangi zote, naacha mweusi peke yake. Mweusi ni mweusi.

BINTI: Jaribu, kaka. Tuone.

Alijaribu. Alibadilisha karatasi akaweka isiyong'aa, akaagiza wino mweusi tu. Ukijani uliondoka wote, na kwa sekunde chache mama alikunjua uso. Kisha akaisogeza karibu. Paji la uso lilikuwa na vidoa kama ugali ulioangukiwa na masizi.

BINTI: Ndiyo bei yake hiyo. Tone la printa ya picha ni dogo sana, linapimwa kwa pikolita, moja na nusu hadi tatu hivi, na pikolita ni lita moja iliyogawanywa mara trilioni moja. Lakini hata likiwa dogo hivyo, tone jeusi kwenye karatasi nyeupe jicho linaliona. Ndiyo sababu wakaleta wino hafifu: paji la uso lijazwe matone mengi mepesi yanayogusana, badala ya machache meusi yaliyotawanyika. Figa moja haliinjiki chungu.

MZEE: Na huo mweusi wenu nao si mweusi. Binti yangu, chukua masizi ya chini ya sufuria, yapake kwenye karatasi, kisha yafute kwa kidole uyaeneze mpaka yawe membamba. Utaona nini mwishoni?

BINTI: Kahawia, babu.

MZEE: Kahawia. Haya.

Mzee alikuwa na haki, na ni jambo ambalo wauza wino hawalisemi. Kuna wino za aina mbili kwenye meza za nyumbani. Moja ni rangi iliyoyeyuka majini, kama ile rangi ya kutia ukili wa mikeka: inazama ndani ya karatasi, inang'aa, inapendeza mapema, na jua linaila mapema vilevile. Nyingine ni pigimenti, unga uliosagwa ukaelea majini kama chokaa ya ukutani: unakaa juu ya karatasi na unadumu. Mweusi wa pigimenti kwa kawaida ni kaboni, yaani ndugu wa masizi, na kaboni ikitandazwa nyembamba hukimbilia ukahawia. Mweusi wa ile aina ya ukili una mchepuko wake mwingine, kutegemea aliyeuchanganya. Zaidi ya hapo, kuna printa za rangi nne ambazo mweusi wake ni wa pigimenti na hizo rangi tatu ni za kuyeyuka. Ukiziwekea karatasi ya picha inayong'aa, zinauacha kabisa ule mweusi na kupika hata giza la nywele kwa rangi tatu. Mtu anabadilisha tangi la mweusi akidhani anaponya picha, kumbe tangi hilo halikuguswa.

Mwenye duka alitaja leza. Leza haina ukijani, tona yake nyeusi inatosha kwa ratiba ya mazishi na kijitabu cha misa, lakini uso uliokuzwa kiasi kile huwa na michirizi na mng'ao wa plastiki kwenye giza. Hakuna aliyeitetea kwa muda mrefu, naye hakushikilia.

MAMA: Wanangu, naomba niseme. Mimi pikolita sizijui. Kaka yangu alipanda meli ya MV Bukoba, ikazama 21 Mei 1996 ikiwa karibu kufika Mwanza. Alikuwa na nguo moja ndani ya begi na zawadi yangu. Picha aliyotuachia ni hii ya pasipoti, alipiga kwa ajili ya kitambulisho. Hakuna nyingine. Kila mwaka tunakwenda Igoma, kwenye makaburi. Mwaka huu watoto wake wamesema wanataka waione sura ya baba yao ukutani, kubwa, siyo ya kushika kwa kucha. Ndiyo maana nawaambia: watoto wale hawamkumbuki. Nikiwapa mtu wa kijani, watakuwa na baba wa kijani.

Baada ya maneno hayo hakuna aliyezungumzia gharama tena kwa muda. Nilitamani yangesikiwa na kila anayesema kuwa suala hili ni la wapenda vifaa. Katika nyumba nyingi za mwambao huu wa ziwa, mtu mzima aliyekufa kabla ya simu za kamera ana picha moja, mbili akiwa na bahati. Anayeikuza anaandika upya kumbukumbu ya familia, na anaiandika kwa wino aliojaziwa dukani.

BINTI: Mama, pole sana. Naomba unipe picha zote mbili. Kaka, zima taa. Sasa njooni mlangoni, kwenye kivuli, siyo juani. Mnaona? Ndani ilikuwa nyekundu kidogo, hapa ni kijani. Karatasi ni ile ile, wino ni ule ule. Kilichobadilika ni taa.

MWENYE DUKA: Kwa hiyo ipi ndiyo rangi yake ya kweli?

BINTI: Zote mbili. Rangi inayopikwa kwa mafiga matatu inategemea mwanga unaoipiga. Mwanga wa taa hauna viungo sawa na mwanga wa mchana. Kila wino unarudisha kiasi chake, na ule ulinganifu uliouona ndani unavunjika nje.

Hili si tatizo la Buzuruga peke yake. Mwaka 2000 Epson ilitoa Stylus Photo 2000P, printa ya mezani ya wino wa pigimenti, na wapiga picha waliisifu kwa picha zisizofifia. Lakini waliochapa nyeusi na nyeupe walishangaa: chini ya balbu kijivu kilikuwa safi, dirishani kikawa kijani. Malalamiko ya aina hiyo yakasukuma watengenezaji wapunguze kazi ya rangi tatu ndani ya kijivu. Mwaka 2005 ikaja familia ya wino yenye nyeusi tatu za nguvu tofauti, mweusi kamili, mweusi hafifu na mweusi hafifu zaidi, kwenye printa kama Stylus Photo R2400. Rangi zikabaki na kazi ndogo ya kusahihisha tu. Kijivu kikipikwa kwa mweusi uliopunguzwa nguvu, taa zina nafasi ndogo ya kukichezea.

BINTI: Ndiyo ninayoitaka mimi. Printa yenye wino wa kijivu, basi, mjadala umekwisha. Kuna Mmarekani anaitwa Jon Cone, yuko Vermont. Yeye aliondoa rangi zote kwenye printa akajaza kijivu cha viwango mbalimbali, matangi yote kijivu. Ameiita Piezography. Na kuna programu ya Roy Harrington, QuadTone RIP, inayoendesha baadhi ya printa za Epson, unaiamuru kila wino utoke kiasi gani. Huko wameshalimaliza.

MWENYE DUKA: Dada yangu, mimi hapa nachapa vitambulisho, kadi za harusi, mabango ya shule. Nikijaza matangi yote kijivu, nitakula nini?

Binti alinyamaza. Nadhani hapa wote wawili walikuwa sahihi, na najua upande ninaoegemea. Printa ya wino wa kijivu ni chombo kizuri kwa mtu anayechapa kila siku. Kwa nyumba inayochapa picha kumi kwa mwaka, katika vumbi letu na umeme unaokatika katikati ya kazi, ni matangi mengi zaidi yanayokauka. Nimeona watu wakinunua mashine ya namna hiyo kwa mapenzi makubwa na kuifunika kitambaa baada ya miezi sita, hedi, kile kichwa chenye nozeli, yaani vitundu vya kutoa wino, imeziba. Afadhali printa ya rangi sita inayofanya kazi kila wiki na mikono inayoifahamu. Inafaa kukumbuka pia kwamba hawa wakubwa nao walianza kwa kulazimisha chombo kisichokuwa chao. Mwanamuziki Graham Nash, alipotaka kuchapa picha zake za nyeusi na nyeupe, alichukua mashine ya Iris 3047 iliyotengenezwa kwa ajili ya viwanda vya uchapaji, kuonyesha sampuli kabla ya kazi kwenda mtamboni, na mwaka 1991 yeye na R. Mac Holbert wakafungua Nash Editions huko California. Uchapaji wa sanaa kwa wino wa kunyunyizwa ulizaliwa na mtu aliyekuwa akihangaikia kijivu.

Kisha binti akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa saa nne asubuhi.

BINTI: Kaka, mara ya mwisho kupima nozeli ni lini?

MWENYE DUKA: Inachapa vizuri tu. Jana nimetoa picha za harusi.

BINTI: Za harusi zina nguo, maua, keki. Haziwezi kukuambia. Pima.

Karatasi ya kupimia ilitoka. Sayani nzima, njano nzima, mweusi mzima. Kwenye majenta hafifu, mistari ilikuwa na mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

BINTI: Huyu hapa. Majenta ni mpinzani wa kijani. Likipungua, kijani kinatawala. Lingekuwa sayani hafifu limeziba, kijana huyu angekuwa mwekundu. Ingekuwa njano, angekuwa samawati.

MWENYE DUKA: Samahani mama. Hili ni langu.

MAMA: Si neno, mwanangu. Endelea.

Alisafisha hedi mara mbili, akapima tena, mistari ikakamilika. Uso uliochapwa baada ya hapo ulikuwa bora sana. Mama alitabasamu. Lakini binti alikuwa bado ameshika kichwa, na mimi niliona anachokiona: kwenye kivuli cha shingo ukijani ulikuwa umebaki, hafifu. Mwenye duka akakiri kuwa wino si ule wa chupa zilizokuja na printa. Ni wa lita, wa kujaziwa, kama wafanyavyo karibu wote wanaochapa kazi nyingi. Simlaumu. Lakini kanuni ya upishi iliyo ndani ya printa iliandikwa kwa viungo vya kwanza. Ukibadilisha viungo, mpishi anaendelea kupima kijiko kile kile, na mchuzi unakuwa mwingine.

Na karatasi. Mzee aliichukua ile ya kung'aa akaipeleka juani, akaiweka kando ya shati lake jeupe.

MZEE: Hii mmeitia bluu.

Alimaanisha bluu ya kufulia, na hakukosea sana. Karatasi nyingi za picha za bei nafuu zina dawa ya kung'arisha, sawa na ile ya kwenye sabuni za unga: inakula mwale wa jua usioonekana na kuurudisha kama samawati. Juani karatasi inawaka weupe. Sebuleni, kwenye taa isiyokuwa na mwale huo, inapoa na kuonekana ya manjano zaidi; ukiweka kioo cha fremu juu yake, kioo nacho kinazuia sehemu ya mwale. Kijivu kinachopatikana kwenye karatasi iliyotiwa bluu kinahama kila unapohamisha picha. Karatasi isiyotiwa dawa hiyo ina weupe wa maziwa, haivutii dukani, lakini inatulia.

MZEE: Sasa mnisikilize. Mnatafuta kitu ambacho hakijawahi kuwapo. Mimi nimesafisha picha tangu ujana. Sisi tulikuwa hatuweki rangi kwenye karatasi. Fedha ilikuwa ndani ya karatasi tayari, mwanga na dawa vinaiamsha, inakuwa nyeusi. Lakini nyeusi ipi? Karatasi za bromidi zilitoa nyeusi ya baridi, ina usamawati. Za klorobromidi zilikuwa na joto, ukahawia wa mbali. Dawa ikichoka, rangi inabadilika. Maji yakiwa ya moto, inabadilika. Nendeni Zanzibar, Capital Art Studio, ile aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930 na mwanawe Rohit akaiendeleza. Simameni mbele ya kuta zile za picha za zamani. Nani atakuambia kuwa hii ni ya kijivu cha kweli na ile ni ya uongo? Mteja alipendezwa, akaenda nayo nyumbani.

BINTI: Lakini babu, nyeusi yako ilikuwa ya namna moja ndani ya picha moja. Giza na mwanga vilikuwa vya ukoo mmoja. Hii ya kwetu ina shingo ya kijani na paji la kijivu kitupu. Hakuna karatasi ya fedha iliyofanya hivyo.

Mzee alifikiri. Akavua miwani.

MZEE: Hapo umenishika. Hapana, haikufanya hivyo.

Kwangu hii ndiyo sentensi iliyobeba asubuhi nzima. Nilikuwa nimehangaika kutafuta kijivu kisicho na upande, kumbe kilichokuwa kikinisumbua ni kijivu chenye pande mbili. Picha yote ikiwa na joto kidogo kutoka weusi hadi weupe, jicho linaizoea baada ya dakika na kuiita nyeusi na nyeupe. Ikiwa giza linakwenda kijani na mwanga unakwenda waridi, jicho halipati pa kusimama, na uso unaonekana mgonjwa. Kwa hiyo ninasimama na binti, ila kwa kumkopa mzee: kwanza ipatikane nyeusi isiyochepuka popote, kisha joto liongezwe kwa makusudi, na mtu aliyeamua. Rangi iliyokuja kwa nozeli kuziba haina mwenyewe.

Ulibaki ubishi mmoja, nao ulikuwa mzito kuliko nilivyodhania. Picha ya pasipoti yenyewe ilikuwa imegeuka manjano pembeni.

MZEE: Hii haikuoshwa vya kutosha. Dawa ya kukazia imebaki ndani ya karatasi. Tulikuwa tunaosha haraka, watu wana haraka ya vitambulisho. Lakini manjano haya ni umri wake. Mkiyaondoa mnamfanya kama alipigwa jana.

BINTI: Babu, manjano si ya kaka yake mama. Ni ya maji yaliyokuwa machache siku hiyo.

MAMA: Yaondoe. Picha ndogo nitaitunza na manjano yake. Hii ya ukutani nataka awe kama alivyotoka studio, anacheka, ananionyesha picha.

Mzee aliinamisha kichwa akakubali, na sikuona kinyongo. Binti akaskani upya, safari hii kwa rangi badala ya kijivu, nukta 1,200 kwa inchi, akatumia sehemu nyekundu peke yake ya ile skani. Doa la manjano linakula mwanga wa bluu; kwenye sehemu ya bluu linaonekana kama tope, kwenye nyekundu karibu halipo. Upana wa picha ukatoa nukta kama 1,650, yaani nukta 200 kwa inchi kwenye A4. Si nyingi. Zinatosha kwa uso wa kutazamwa hatua mbili kutoka ukutani.

Kisha akachapa kitu ambacho mama hakukielewa mwanzoni: ukanda wa vipande 21, kutoka weupe wa karatasi hadi weusi kamili, kila kimoja kimezidi mwenzake asilimia tano. Hauna uso wala jina. Alizima marekebisho yote ya printa, yale ya kupendezesha ngozi na kukoleza anga, na akahakikisha rangi inasimamiwa na mmoja tu, programu au printa, maana wakishika usukani wote wawili gari linaingia mtaroni. Akasema tuuache ukauke hadi kesho. Wino wa kuyeyuka hubadilika ukikauka, na anayesahihisha picha mbichi anasahihisha maji.

Kesho yake nilirudi. Tuliuweka ukanda mlangoni, kivulini, tukaufunika karatasi nyeupe yenye tundu ili kila kipande kionekane peke yake. Vya mwanga vilikuwa safi. Kuanzia kipande cha kumi kwenda gizani, ukijani uliingia polepole, halafu kwenye weusi kabisa ukatoweka. Mwenye duka alitaka kuongeza majenta kwenye printa kwa picha nzima. Ukanda uliofuata ulipona katikati, ukawa waridi kwenye mwanga. Ndipo binti akaenda kwenye mkunjo wa rangi wa programu ya picha na kushusha kijani kwa namba tatu tu, sehemu ya katikati kwenda gizani, akaacha mwanga kama ulivyo.

MWENYE DUKA: Dada, lakini sasa kwenye skrini ina rangi! 128, 125, 128. Umeiharibu.

BINTI: Kwenye skrini, ndiyo. Mama hatundiki skrini.

Ukanda wa nne ulitoka safi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzee aliushika, akausogeza nje, akaurudisha ndani chini ya taa, akautoa tena. Ulihama kidogo, kama kila kitu kinavyohama, lakini ulihama wote kwa pamoja. Akaomba penseli. Nyuma yake akaandika jina la karatasi, aina ya wino, tarehe, na namba alizotumia binti, kama walivyokuwa wakiandika muda wa dawa kwenye chumba cha giza. Mwenye duka akaubandika ukutani juu ya printa, na akasema ataupima upya kila atakapofungua lita nyingine.

Mama alipewa picha tatu ndogo aende nazo nyumbani kwake: moja ya kijivu kitupu, moja yenye joto la mbali, moja yenye ubaridi. Aliambiwa aziweke nyuma ya kioo cha fremu, ukutani pale pale picha kubwa itakapokaa, azitazame mchana na usiku kabla ya kuchagua. Alirudi baada ya siku mbili na ile ya joto. Mzee alifurahi, akajizuia kusema. Printa ilianza kazi, uso ukashuka mstari kwa mstari, nywele, paji, macho yale yanayocheka.

"Dada yetu wa Bukoba naye anaitaka," mama alisema, hajaondoa macho kwenye karatasi.

"Kwake kuna taa gani, mama?" binti akauliza.

Mama alitoa simu kwenye pochi, akapiga hapo hapo, akasubiri. "Shikamoo dada. Hatujambo. Eti ile taa yako ya sebuleni, ni nyeupe au ya njano?"